Birthday Niliyoificha Mwenyewe

Wasomaji, mimi ni mtu wa kujificha. Juzi nilipofikisha miaka ishirini na mbili nilitaka chai na kipande cha keki tu, peke yangu, nikiota cherehani yangu mwenyewe. Hapa Machakos wakijua ni birthday yako, wanakumwagia maji mpaka soksi.

Kwa hivyo sikumwambia mtu. Lakini asubuhi, pale tunaposhona, niliwakuta mafundi wenzangu, Kyalo akinong'onezana na Mwikali. Nikaingia, wakaachana haraka. Baadaye Mwikali akapita na ndoo, akitabasamu peke yake.

"Leo unakula wapi, Mutua?" Kyalo akaniuliza.

Tangu lini anajali tumbo langu? Nikajua wamejua.

Saa ya lunch nikatoroka hadi hoteli iliyojificha nyuma ya soko, nikakaa kona. Nilikuwa naonja keki nilipoona jagi la maji likija upande wangu. Nikaruka, nikalisukuma. Maji yakamwogesha mzee muuza mbuzi aliyeketi mbele yangu.

"Hamnimwagii!" nikapiga kelele. "Hata kama ni birthday yangu!"

"Kaka," dada wa hoteli akasema, "ni maji ya kunawa. Mzee ameagiza nyama."

Nikamwomba mzee msamaha, karibu nilie. Akafuta ndevu, akacheka. Hoteli nzima ikacheka. Mlangoni nikawaona Kyalo na Mwikali, wameshikana mikono kama wapenzi, wameshtuka kunikuta.

"Kumbe ni leo?" Kyalo akasema, akiuachilia ule mkono. "Dada, hiyo jagi imebaki na maji?"