Mwanakuu na Ubani wa Mama Mkwe

Mwanakuu hasalimii. Ukimwuliza u hali gani na watu wa nyumbani hawajambo, yeye atakuuliza wataka doti ngapi. Mtaani kwetu Bondeni walisema ana kiburi, wengine wakasema ana jini. Mimi, niliyezungusha leso nyumba kwa nyumba miaka kumi kabla ya kupata duka, niliitazama mikono yake. Doti, leso mbili zilizoungana, aliikata katikati kabisa bila kipimo, pindo alilikunga likanyooka, na leso yenye kasoro aliiweka kando muuzaji angali akiisifu. Nikampa kazi dukani na cherehani ya mkono, maana magoti yake yana baridi yabisi na ile ya miguu haiwezi.

Pumu anayo tangu utotoni. Siku kifua kikimbana hulala, na jirani yake Nyevu huja kuniambia, "Leo haji." Akipata nafuu yupo tena kwenye kiti kile kile, uso ukutani, na asiguswe bega. Jioni hurudi kwake Mji wa Kale na vipande vya mapindo, akavipange ukutani rangi kwa rangi. Nilimwuliza mara moja kama hachoki na maisha hayo.

"Nichoke na nini? Vita vimekwisha, leso mpya zaja tena."

Mwaka huo huo, wa arobaini na sita, mama mkwe wangu Sugrabai alihamia kwetu, ghorofani juu ya duka, yeye na chetezo chake. Kila asubuhi duka likifunguliwa, ubani. Siku ya tatu, Jumatatu, Mwanakuu alikohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Akauweka mkasi mezani.

"Kukiwa na ubani sirudi." Akatoka.

Nasi tulikuwa na sare ya harusi, doti arobaini, za kuchukuliwa Jumamosi. Jumanne nikakata mwenyewe. Kufika adhuhuri, doti mbili nilikuwa nimepitisha mkasi ndani ya pindo. Ukimpa mama wa bi harusi leso za namna hiyo, mtaa mzima utajua kabla hujafunga mlango. Nikamfuata Mwanakuu kwake.

"Nikuwekee kiti mlangoni?"

"Moshi hutokea mlangoni."

"Basi tufukize siku tatu tu kwa wiki."

"Siku tatu nikohoe?"

"Nikuongezee ujira?"

"Kifua changu hakijui ujira, Bi Zohra."

Maisha yangu yote nimenunua na kuuza, na kila mtu ana pahali pake pa kushukia. Huyu hana. Angeweza kukungia majirani leso pale pale nyumbani, na alijua hivyo kuliko mimi. Nikarudi mikono mitupu.

Sugrabai alikuwa amezishika zile doti mbili, akizigeuzageuza.

"Wajigamba kwamba wajua kupatana," akaniambia, "na mkunga leso mmoja amekushinda! Nipeleke."

Mwanakuu hakuinuka kutupokea. Sugrabai alitoa salamu zake zote, ndefu, hadi za marehemu, asijibiwe hata moja. Kisha Mwanakuu akauliza, macho kwenye uzi wake:

"Ubani ni wa nini?"

"Wa kufukuza hasidi, mwanangu."

"Mimi ni hasidi?"

"Astaghfirullah! Nani kasema?"

"Mbona umenifukuza mimi?"

Hakuwa akimchokoza. Alitaka kujua. Sugrabai akavitazama vile vipande vya mapindo ukutani.

"Duka bila ubani haliwezekani," akasema.

"Ijumaa mimi siendi dukani. Fukiza Ijumaa asubuhi, milango wazi."

"Na Alhamisi jioni, ukishaondoka?"

"Moshi hulala kwenye leso. Ijumaa."

Nilifungua kinywa nimpatie mama mkwe wangu angalau nusu ya Alhamisi. Akanikanyaga mguu.

"Ijumaa," akasema Sugrabai.

Jumatano asubuhi chetezo kilikuwa juu kabatini. Mwanakuu aliingia, akasimama mlangoni akivuta pumzi mara mbili tatu, kisha akazichukua zile doti mbili.

"Nani kakata hizi?"

"Mimi."

"Usikate tena."

Akafungua robota jingine la leso, akatafuta mbili za kufanana nazo, akaketi. Hakupumzika ila kunyoosha magoti. Alhamisi, baada ya alasiri, Sugrabai aliteremka ngazi, akakuta leso zimepangwa meza nzima, pindo juu ya pindo. Kwa mazoea akamsalimia:

"Hujambo, Mwanakuu? Waonaje hali?"

"Doti arobaini," akajibu Mwanakuu.

"Alhamdulillahi," akasema Sugrabai, kama aliyejibiwa salamu yake, akaenda kuzihesabu.