Sifuri ya Dobi

Dobi wa mtaa wa bondeni alikuwa mkono wa birika, na wala hakuona haya. Sabuni aliikata vipande vidogo kama vidonge vya homa. Maji tu ndiyo aliyoyatumia kwa raha zake, kwa sababu kisima chake kilikuwa ukingoni mwa kinamasi, na hakikukauka hata mabomba ya mtaa yalipokauka na majirani wakaja kuchota kwake.

Siku moja akaja dada wa utafiti, begi begani, akiuliza nyumba kwa nyumba: mngekuwa tayari kuchangia kiasi gani kwa mwaka ili kinamasi kihifadhiwe? Dobi akanusa kodi. Dada alipokuwa bado mtaa wa jirani, yeye alikwishapita mtaa wao wote akinong'ona, "Jamani, ukitaja kiasi tu, umekwisha. Mwezi ujao wanakukata. Semeni sifuri." Wakamsikiliza, maana kwa mambo ya kukwepa kutoa walimwona profesa.

Zamu yake ilipofika naye akasema, "Sifuri."

"Kwa nini, baba?" dada akauliza.

"Kwa sababu nawajua nyinyi."

Alijisifu kwa jibu hilo mpaka fundi baiskeli, jirani yake, alipomletea habari. Halmashauri ilikuwa na mipango miwili: kukilinda kinamasi, au kukifukia pawe maegesho ya malori. Maoni ya wananchi ndiyo yangeamua. Dobi akaacha kufua palepale, shati la mteja likichuruzika mikononi. Mtaa mzima umesema kinamasi hakina thamani, na mwalimu wao ni yeye!

Mkewe hakumwonea huruma. "Umekitupa kisima chako, mume wangu, na maji ya wenzako. Nenda ukaseme."

Siku ya mkutano wa halmashauri na wananchi ukumbi wa shule ulijaa. Dobi hakungoja kuitwa. Alisimama, akayatoa yote kwa pumzi moja.

"Ile sifuri ni yangu. Mimi ndiye niliyewaambia watu, niliogopa kukatwa. Lakini kinamasi kikifukiwa sina kazi, na hawa hawana pa kuchota. Niandikeni. Nikikosa pesa nitatoa siku zangu, nitazoa taka, nitang'oa magugu. Msikifukie tu, tafadhali."

Watu wakaguna. Mama mmoja akamwita jina lisiloandikika. Lakini fundi baiskeli akasimama. "Na mimi siku zangu zipo."

Dada wa utafiti alikuwa anatabasamu. "Baba, ndiyo maana niliuliza kwa nini. Anayesema kinamasi hakimfai kitu, sifuri yake tunaihesabu. Anayesema hana imani nasi, tunamweka kando mpaka tumuulize upya. Mtaa huu karibu wote mlisema hamtuamini. Basi leo tumekuja kuwauliza upya. Nani atatoa siku za kazi?"

Mikono ikapanda mpaka nyuma kabisa. Afisa wa halmashauri akaitazama, akashauriana na wenzake, kisha akatangaza kwamba malori yatatafutiwa mahali pengine.

Dobi akakaa kitako, machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Nusura niwaponze wote," akamwambia mkewe.

"Nusura," mkewe akasema, akamvuta mkono. "Inuka, baba watoto, yamekwisha."

Walirudi nyumbani kwa njia ya kinamasi, ingawa ndiyo ndefu, kwa sababu dobi alitaka tu kukiona kipo.