Delbert Praska na Pakiti za Kadi

Delbert Praska alikuwa fundi wa vioo vya madirisha hapa Toledo, Marekani, na hata alipoota mvi hakuacha kununua kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji zinazouzwa ndani ya pakiti zilizofungwa. Kilichompendeza zaidi kilikuwa kule kuchana pakiti, nyuso za wachezaji zikitokeza moja baada ya nyingine, nyingi za watu ambao majina yao hayakuvuka mtaa walikozaliwa.

Zamani alizinunua kwa Elias Tanous, rafiki yake waliyekuwa wakitembeleana, mwenye duka dogo la kadi jirani na kinyozi. Elias aliuza maboksi mazima, na kwa kila boksi kampuni iliyozichapisha iliahidi kadi moja yenye saini ya mchezaji. Bei ilikuwa ya kuuma. Siku moja Delbert alifungua boksi lake, akakuta saini ya kijana ambaye alikuwa ameshaacha mchezo. Akaropoka mbele ya wateja kwamba Elias huwatengea rafiki zake maboksi mazuri.

Elias hakupandisha sauti. "Basi kanunue supamaketi," alimwambia, "kule wanakozipanga kando ya chakula cha mbwa. Huko hakuna atakayekupunja."

Delbert akafanya hivyo hivyo. Miaka ikapita akichukua pakiti rafuni pamoja na mkate. Zilikuwa rahisi, na kadi ya maana ilikuwa adimu. Mara nyingine alizikuta zimeminywaminywa na watu waliopapasa wakitafuta kadi nene ndani, maana zenye saini huwa nene. Alinunua tu. Kwa Elias hakukanyaga, na walipopishana barabarani kila mmoja alipata kitu cha kutazama upande wa pili.

Ulipokuja ule ugonjwa uliofungia watu majumbani, kadi zikapanda bei ghafla. Vijana wakawa wanapanga foleni supamaketi kabla haijafunguliwa, wanunue rafu nzima wakauze kwingine. Asubuhi moja Delbert alikuwa akinyoosha mkono achukue pakiti yake pale wanaume wawili walipoanza kunyang'anyana boksi. Mmoja alipepesuka akamgonga. Delbert akaanguka sakafuni, akavunjika nyonga.

Baada ya upasuaji alikaa nyumbani akitazama mechi bila sauti. Mkewe, Arlene, aliona anazidi kunyamaza. Supamaketi walikuwa wameshaziondoa kadi rafuni, kwa hiyo akaenda kwa Elias kuomba boksi moja, lolote. Elias aliuliza ni la nani. Alipoambiwa, akasema atalipeleka mwenyewe akifunga duka.

Jioni alifika na boksi kwapani. Delbert, kwenye kiti chake, uso ukamwiva.

"Umekuja kuniona nilivyoangukia kwenye chakula cha mbwa?"

"Nasikia ilikuwa karibu na betri," Elias akajibu. "Sogeza mguu huo, nipate pa kukaa."

Wakaanza kuchana, huyu moja, huyu moja. Mazungumzo yao yalikuwa ya wachezaji tu: nani anazeeka, nani analipwa bure. Saini ilipotokea, ilikuwa ya mrusha mpira ambaye wote wawili hawakuwahi kumsikia. Delbert aliishika kwa muda.

"Yale niliyosema dukani," alisema, "sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira tu."

"Najua. Ila uliyasema mbele ya baba yangu."

Delbert hakuwa amejua. Alikumbuka mzee aliyekuwa amekaa pembeni siku ile, ambaye yeye alimdhani ni mteja. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Delbert akasema anaomba radhi, kwa mtoto na kwa baba. Elias hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alimsukumia pakiti nyingine.

Majira ya joto yalipokwisha Delbert alikuwa akitembea kwa fimbo, na kila Jumamosi alionekana tena dukani kwa Elias. Urafiki wa kutembeleana haukurudi. Supamaketi waliporudisha kadi alizinunua pia, kisha akaja kuzifungulia kwenye kaunta ya Elias, jambo ambalo hakuna mteja mwingine aliyeruhusiwa kulifanya. Elias alinung'unika kila mara kwamba anachafuliwa duka kwa makaratasi ya pakiti ambazo hakuziuza yeye. Halafu alijisogeza karibu, aone kilichotoka.