Boti ya Kulala Watu Wawili

Mume wangu alipostaafu kazi ya bandarini tulikuwa na boti ndogo ya wazi, ya mashine moja, ya kutupeleka kisiwani asubuhi na kuturudisha kabla jua halijawa kali. Siku moja akaamka na neno jipya: sasa tuwe tunalala baharini. Tunakwenda Pangani, tunatia nanga, tunalala, kesho yake tunaendelea. Nikasema sawa. Watoto wameshaoa na kuolewa, nyumba ya Ngamiani imebaki mimi, yeye na paka. Nilikuwa na sharti moja tu: choo chenye mlango.

Boti ya kwanza tulikwenda kuiona Pongwe. Naam, Pongwe, ambako bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Ilikuwa imekalishwa kwenye magogo nyuma ya nyumba, na kuku walikuwa wanaatamia ndani ya chumba cha kulala cha boti. Mume wangu akaizunguka, akaigonga ubavuni kwa ngumi, akatega sikio kama daktari. "Nzima hii," akasema. Nikauliza choo. Mwenye boti, mwalimu mstaafu mwenye adabu zake, akanionesha ndoo.

"Hiki ni cha muda tu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu niinunue."

Njiani mume wangu akaniambia ndoo nayo ni choo.

Ya pili ilikuwa Moa. Hiyo ilikuwa na mashine mbili kubwa, na choo kweli, na mlango, na kitasa. Kitanda kilikuwa puani mwa boti, kimechongoka kama sambusa. Nikavua viatu, nikamwambia mume wangu alale. Akalala, magoti yakamfika kifuani.

"Ndivyo utakavyolala?"

"Najikunja kidogo tu, bibie."

Nikajilaza pembeni yake. Miguu yetu ikagombana kule kwenye ncha. Muuzaji, kijana wa miwani ya jua, aliona haya, akageuka kutazama bahari.

Hata hivyo tukatoka nayo kuijaribu. Kijana alisifu, akasifu, maji yakawa yanakupwa naye anasifu, mpaka tukapwelewa juu ya fungu la mchanga. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja maji yajae. Nikaona basi angalau nikitumie hicho choo. Nikafunga mlango. Nilipotaka kutoka, kitasa kikazunguka bure mkononi.

Nikagonga. Nikaita. Nje nasikia sauti ya mume wangu, taratibu kabisa: "Na mafuta, inakunywa sana?"

"Nimefungiwa huku!" nikapiga kelele.

"Subiri kidogo, tunazungumza."

Nilisubiri kwenye joto lile, nimekalia kifuniko, leso imelowa jasho, mpaka yalipoisha maneno yao ya mafuta. Ndipo wakatafuta bisibisi wakafungua bawaba. Mlango ukatolewa mzima, nami nikatoka. Mume wangu akanitazama usoni kwa matumaini.

"Enhe, umeionaje?"

Nilikwenda kukaa nyuma ya boti, nikawapa mgongo wote wawili hadi maji yalipojaa.

Wiki iliyofuata nilirudi Pongwe peke yangu, nikiwa na fundi seremala aliyetutengenezea makabati ya jikoni. Nikamsalimu mwalimu shikamoo, nikamwomba awatoe kuku wake, fundi akapima. Jioni nikamwambia mume wangu: boti ni ile. Mashine chagua wewe, nami sitatia neno. Chumba ni changu, nawe usitie neno.

Alitia. Alilalamikia kabati la vifaa vyake lililovunjwa ili kitanda kirefuke. Alilalamikia choo kula nafasi, na mlango kufunguka upande wa kushoto. Alilalamikia pazia. Nilimwacha alalamike, na fundi akaendelea kupiga randa.

Safari ya kwanza tulilala mdomoni mwa mto Pangani. Asubuhi alitoka chumbani akijinyoosha, akasema hajapata kulala vizuri namna ile, na kwamba mtu akinunua boti ya kulala, kitu cha kwanza kutazama ni urefu wa kitanda; yeye alikuwa akiniambia hivyo tangu mwanzo.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya moto. Nikamwangalia vizuri, nikaiangalia chai, kisha nikainywa.