Nyaya za Kitufe

Tuliporudi Kavimvira baada ya mapigano, nilikuta mlango wa sekretaria yetu, kibanda cha kuchapia karatasi za watu, umevunjwa na karatasi zimetapakaa sakafuni, lakini kompyuta ya mezani ilikuwa bado mahali pake. Niliwasha jenereta, nikabonyeza kitufe. Kimya. Hata taa ndogo ya mbele haikuwaka.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, na mashine ile ndiyo iliyotulisha mimi na wadogo zangu wawili. Nilichapa maombi ya kazi, mialiko ya harusi na karatasi za watu wanaovuka kwenda Burundi. Lakini haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa mpakani, na asubuhi hiyo alikuja mwenyewe.

"Iko inawaka?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Bado, mama. Ninaitazama."

"Unatazama maiti. Minye niko na mtu Bujumbura, anaitaka kwa vipuri. Nikitoka duane, naipitia."

"Sawa, mama. Ukitoka duane utaikuta inawaka."

"Weye! Usiniharibie vipuri tu."

Forodhani foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilikuwa na muda. Nilikuwa nimeifungua mashine ile mara nyingi kuipangusa vumbi la barabara, na niliamini kwamba nikiufuata umeme tangu ukutani, nitapaona ulipokwama.

Nilichomeka taa kwenye soketi ile ile, ikawaka. Nikajaribu waya wa skrini badala ya ule wa mashine. Kimya bado. Nikachomoa kila kitu, nikafungua ubavu. Hapakuwa na harufu ya kuungua, wala kilichovimba. Nikatoa kwenye bodi plagi kubwa inayoleta umeme, nikaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwa kipande cha waya, kama fundi mmoja alivyonionyesha zamani, ndipo nikarudisha umeme. Feni ya boksi la umeme ikazunguka: basi umeme ulifika mpaka hapo.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, alikuwa akifagia, akacheka. "Yaya, umeamsha feni tu. Mama atachapia feni?"

"Funga mdomo, unimulikie."

Nilizima tena. Alipomulika tochi chini ya bodi, niliona nyaya mbili nyembamba, zile zinazotoka kwenye kitufe cha mbele, hazikuchomekwa popote. Zilikuwa zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa kusukia nywele.

Niliujua mkono huo. Ni wa mdogo wetu wa kike, aliyetoka wa mwisho siku ya kukimbia, na ambaye bado alikuwa Luberizi kwa shangazi. Miaka hiyo kila mtu hapa Uvira aliua mali yake kabla ya kukimbia. Fundi cherehani alichomoa sindano, mwenye kinu cha mihogo aliondoka na mkanda, ili wenye bunduki wajaribu kitu, wakione kibovu, wakiache. Waliovunja mlango wetu walibonyeza, wakaacha. Lakini katika mbio zile msichana hakupata wa kumwambia.

Herufi ndogo kwenye kichwa cha nyaya zilifanana na zile za bodi. Nikachomeka, nikatoa kile kipande cha waya, nikarudisha plagi kubwa na umeme.

Mama alirudi na mtu wa baiskeli, kamba tayari mkononi.

"Basi?"

"Bonyeza mwenyewe, mama."

"Ili ikilipuka mseme ni minye?"

Hata hivyo alibonyeza, kwa ncha ya kidole. Feni ikavuma, skrini ikajaa mwanga. Alisimama akiitazama, na mimi nikamweleza habari ya uzi. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Huyo mtoto! Askari wameshindwa, na minye mwenye mali karibu niuze maiti iko nzima!" Akamgeukia mtu wa baiskeli. "Weye rudi, baba. Hakuna mzigo. Iko inabaki na hawa watoto."

Kisha akaniambia taratibu, "Akirudi kutoka Luberizi, anionyeshe vile alichomoa hizo nyaya. Tukikimbia siku ingine, pengine ni minye nitatoka wa mwisho."