Mwanga Uliokuwa Unafifia

Kioo cha kuwekea sampuli kwenye hadubini kilikuwa kimoja tu. Maji aliyotolewa mgonjwa kwenye uti wa mgongo yalikuwa matone machache, na daktari hakutaka kumchoma tena. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hamtambui hata mkewe.

Mkewe, muuza vitenge wa Bukavu, alisimama mlangoni mwa maabara yetu pale hospitali ya Gihundwe, upande wa Rwanda.

“Maman, iko dudu ao hapana?” aliniuliza.

“Ngoja kidogo, Maman. Naangalia.”

Nilikuwa nimeshaviona kwenye hadubini: vijiti vitatu vya njano, hafifu mno, vya kifua kikuu kilichopanda hadi kichwani. Lakini ini la mgonjwa lilikuwa bovu, na daktari bingwa wa Kigali alikataa kuruhusu dawa kali kwa maneno ya simu. Alitaka picha.

Rangi tuliyotumia hung'aa ikimulikwa na taa ya buluu, na taa hiyohiyo ndiyo huifuta. Kila nilipowasha, vijiti vilififia. Nikafungua kamera ya hadubini kwa nusu sekunde: picha nyeusi tupu. Nikaongeza hadi sekunde tano, lori likapita barabarani, meza ikatetemeka, nikapata ukungu wa njano. Nikazima taa.

“Basi tumemupoteza?” mama yule aliuliza.

Sikumjibu. Nilisogeza kioo hadi pembeni, penye uchafu tu uliong'aa kidogo, nikajaribu muda wa kamera hapo ili nisiviunguze vile vijiti. Sekunde moja, bado giza. Sekunde mbili, uchafu ukajitenga vizuri na weusi. Nikarudi pale pa kwanza kwa kufuata alama za hadubini, taa ikiwa imezimwa.

“Muntu asitembee,” nilisema.

Mama akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nikawasha, nikapiga, nikazima.

Vijiti viwili vilionekana. Cha tatu kilikuwa kimeshapotea. Nikaituma picha hivyohivyo, kisha yeye na mimi tukabaki tukiitazama simu aliyotuachia daktari mezani. Ilipolia, bingwa alisema maneno mawili: “Anzeni sasa.”

Mumewe alipona polepole, ingawa sikio moja halikusikia tena. Miezi kadhaa baadaye mama huyo alinishika mkono sokoni Kamembe.

“Siku ile ulininyamazia, Maman. Nilifikiri amekufa.”

Alikuwa anacheka, lakini mkono hakuuachia upesi.