Kisima cha Bibi Gunvor na Handaki la Maji ya Jiji

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka chini ya Stockholm nikiwa na kofia ngumu iliyonizidi kichwa, na kabla sijajua njia ya kutokea iko wapi, msimamizi wa zamu alinikabidhi chuma kirefu.

"Nyambura, gonga huo mwamba," alisema. "Ukilia kama kengele, endelea. Ukilia kama mtungi mtupu, kimbia kwanza, uniambie baadaye."

Niligonga. Ukalia kama kengele. Nikacheka peke yangu, na tangu siku hiyo sikutaka tena kazi ya juu ya ardhi.

Ninyi mliozaliwa hapa Stockholm, huko Alby na Rinkeby, mnaoyajua mahandaki kwa kupanda treni tu, niwaeleze. Mwamba una nyufa, na nyufa zina maji. Ukichimba bila kuziba, handaki linageuka mfereji, linanyonya maji yote ya ardhi iliyo juu yake. Kwa hiyo kabla ya kulipua baruti, kikosi chetu kilitoboa matundu marefu mbele na kusukuma humo saruji laini, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Sisi tuliita kazi hiyo kuudunga mwamba sindano. Saruji hupenya kwenye nyufa, ikaganda, ndipo baruti inaruhusiwa.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu yangu mwenyewe. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, wazazi wetu wote wawili walipokwisha kufariki na wadogo zangu kunibakia mimi. Mto wa bonde letu kule Kenya ulikuwa umepelekwa mjini kwa bomba. Mji ulikunywa, lakini sisi tulifuata maji mbali zaidi kila kiangazi. Sikuuchukia mji, maana wadogo zangu walikuja kusoma na kuoga hukohuko. Ila najua uzito wa ndoo inayopanda tupu.

Basi miaka mingi baadaye nikapangiwa kazi katika bonde la wakulima, mbali sana na Stockholm. Tulikuwa tunachimba handaki la kupeleka maji ya bonde hilo jijini, ili jiji lipate chanzo cha pili. Juu yetu, shambani, aliishi mjane mmoja, Bibi Gunvor, mwenye ng'ombe wa maziwa na kisima cha mawe. Kisima kikaanza kupungua. Ng'ombe wakawa wanaletewa maji kwa lori.

Nilipanda kumwona. Aliitazama saruji iliyokauka kwenye mashavu yangu.

"Wewe ndiye unayeninywea kisima?"

"Ni handaki, Bibi. Mimi ndiye wa kuziba."

"Basi ziba haraka. Ng'ombe wangu wanalinusa hilo lori na kugeuza shingo. Likiendelea kuja, msimu wa majani kupukutika nawauza."

Mkuu wa mradi alitupa nafasi moja ya kuziba. Mitambo ilikuwa imesimama kwa matengenezo. Ikiwashwa tu, uchimbaji ungeendelea, na kisima kingeandikiwa fidia na kusahaulika. Lakini tuzibe wapi? Ukuta ulitoa jasho kila mahali.

Mjiolojia akamwaga kisimani rangi ya kijani isiyo na madhara, tuone itatokea ufa upi. Mimi na Papa Kasongo, Mkongo aliyekuwa mwenzangu wa pampu, tukasubiri chini, kila mmoja na tochi yake. Tulikunywa kahawa ya mapumziko, ile Waswidi wanayoiita fika, tumesimama, hatukuthubutu kuketi. Kisha Papa Kasongo akasogea mbele kumulika ukuta, nikasikia sauti yake ikivuma handakini.

"Mama! Kuya kuona! Iko kijani! Kijani kama majani ya sombe!"

Nilikimbia nikimwaga kahawa. Katika ufa mwembamba, karibu na sakafu, maji yalitoka ya kijani kabisa. Tulikumbatiana na makoti yetu ya matope.

Furaha hiyo ilikuwa na hatari yake. Ufa uliofika kisimani ungeweza pia kupandisha saruji hadi kisimani. Ukisukuma kidogo, ufa unabaki wazi. Ukisukuma mno, unakijaza kisima saruji na kukiua kwa mkono wako. Papa Kasongo akapanda kukaa ukingoni mwa kisima na simu. Mimi nikabaki na pampu, jicho kwenye geji ya shinikizo.

"Papa, unaona nini?"

"Maji tu. Na Bibi amenipa keki."

"Acha keki, tazama maji!"

Saruji iliingia na geji haikupanda. Nikaamuru iongezwe uzito kidogo. Msimamizi wa zamu alisimama nyuma yangu. Mshale wa geji ukatikisika, ukaanza kupanda.

"Mama, maji inaanza kuwa meupe!"

Nikazima pampu.

"Geji ndiyo kwanza imepanda," msimamizi alisema. "Hatujui kama imeshika."

"Tukiendelea, tunakiua kisima. Tuiache igande."

Alisita, akaitikia kwa kichwa. Tukafunga tundu na kusubiri. Ule ufa ukapunguza kutiririka, ukadondosha, ukakauka. Nilipitisha kidole kwenye ufa na kukiangalia kwa tochi: kikavu. Nilipiga kelele hata wenzangu wa upande wa pili wakadhani mwamba umeanguka.

Kisima kilisafishwa, kikaachwa kijae. Katika ukuta wake mlikuwa na jiwe moja jekundu ambalo maji yalilifikia enzi za mume wa Bibi Gunvor. Asubuhi moja alituita. Maji yalikuwa yamelifunika. Alichota ndoo, akamsogezea ng'ombe wake mkubwa, naye akanywa bila kuinua kichwa. Papa Kasongo alilia waziwazi, akasingizia baridi.

Sasa nimestaafu, na handaki letu linaleta maji ya bonde lile jijini. Magoti yamechoka na saruji, lakini wadogo zangu wote walisoma. Wajukuu zangu hapa Alby wananijibu Kiswidi na kuacha bomba likitiririka wakipiga mswaki, nami nalifunga na kuwaambia habari za ng'ombe.

Theluji inapoyeyuka, simu hulia. Bibi Gunvor hanisalimu hata. Mimi ndiye ninayetangulia kuuliza.

"Yapo?"

"Yapo, yamefunika jiwe. Na huko kwenu?"

Nafungua bomba la jikoni, nasogeza simu karibu ili naye asikie.

"Yamefika."